Bahari Ilipita Nyuma Yangu

Mie shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kuuza pweza Manzese hakuna wa kunifikia. Nilianza na sufuria moja ya supu, leo nina mabanda matatu. Basi wateja wakanichokoza: "Tajiri, wewe pweza unamjua akiwa kwenye bakuli tu!" Nikaapa nitaleta wa kumkamata kwa mkono wangu. Sikuwaambia kwamba mie mtu wa bara, kuogelea sijui.

Siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko siku zote, nikamfuata mama mmoja wa Msasani anayeniuziaga pweza. Asubuhi, mie, yeye na wenzake wawili, tukatembea kwa miguu juu ya mwamba, tukavuka bonde moja, maji chini ya magoti. Yeye ana chuma chenye ncha, mie nina mfuko na maneno.

Mashimo ya pweza ya karibu yalikuwa matupu.

"Mvua imemwaga maji ya mto," akasema yule mama. "Chumvi imepungua, tope limejaa, pweza hakai. Ngisi ndiyo kabisa, yeye anataka maji maangavu. Twende nje, mwisho wa mwamba, kwenye maji ya baridi."

Kule nje walikuwepo kweli. Akanionyesha: ukiona maganda ya kaa mlangoni, mwenyewe yumo. Nikakamata wawili, nikalewa sifa. Akaniita turudi. Nikamjibu, "Mama, maji yenyewe yako kule mbele, bado." Bahari nilikuwa naitazama usoni, nikidhani itakuja kwa mbele kama mgeni anayebisha hodi.

"Tajiri, geuka."

Nikageuka. Lile bonde tulilovuka sikuliona. Palikuwa na maji ya kijani yanakwenda kasi, kati yetu na nchi kavu. Kumbe bahari hujaza mabonde kwanza, mwamba baadaye. Wenzake walikuwa wameshavuka.

Mie niliyewahi kulala sokoni na vibaka, hapo nikaogopa. Nikamwona mke wangu akipelekewa habari.

"Sijui kuogelea, mama."

"Najua. Tangu asubuhi unakanyaga maji kama paka. Tupa mfuko."

"Na pweza?"

"Tupa!"

Nikatupa. Akanipa upande butu wa chuma chake nishike, akatangulia akipapasa chini kwa nyayo. Maji tumboni. Maji kifuani. Katikati mchanga ukaniponyoka, nikameza chumvi, nikapiga kelele kumwita mama yangu aliyekufa zamani. Yule mama hakugeuka. Alivuta tu.

Nchi kavu nikapiga magoti, nikatapika. Wenzake wakacheka: "Mwacheni, leo kazaliwa!"

Jioni bandani wakaniuliza pweza wangu yuko wapi. Nikawaambia nimemwacha kwao, maana naogopa maji. Wakadhani natania. Siku hizi mzigo naupokea Msasani nikiwa nimesimama mchanga mkavu, na wimbi likikaribia kiatu narudi nyuma.