‘Protini asilia’ iliyomnyima mdogo wake pumzi

Saa tatu asubuhi haijatimia, na Dada Chanuo ameshamfukuza mteja wa kwanza.

Si kwamba ana wateja wa kuchezea. Viti vinne vya saluni yake viko vitupu na draya zote mbili zimefunikwa taulo. Mteja mwenyewe ni mwanamke nadhifu, harusi ya wifi yake ni Jumamosi. Anaketi, anafungua kilemba na kusema anataka “ile ya protini, inayolaza nywele miezi mitatu.”

“Hiyo sifanyi,” Dada Chanuo anamjibu.

“Mbona pale chini wanafanya?”

“Pale chini wana mapafu ya akiba. Mimi nitakuosha, nitakusuka, hata pasi nitakupiga ukitaka. Hiyo siigusi.”

Mwanamke anacheka akidhani ni mzaha. Akiona msusi hacheki, anafunga kilemba chake na kutoka, huku akinung’unika kwamba siku hizi watu hawataki pesa.

Dada Chanuo anamsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha anachukua fagio na kufagia sakafu isiyo na hata unywele mmoja.

“Kwa wiki nafukuza watano, sita,” anasema. “Kila anayetoka natamani nimkimbilie, nimwambie: dada yangu, sikufukuzi wewe, naifukuza ile chupa.”

Ana miaka arobaini na mitatu. Jina la Chanuo alipewa zamani, alipokuwa akisuka kwenye kibaraza cha mama yake, chanuo limechomekwa kichwani kutwa nzima hadi watu wakamtania kwamba limeota mizizi. Mama alipofariki, Chanuo alibaki na kitindamimba wa nyumba ile, msichana wa miaka saba. Alimlea, akamsomesha kwa vidole vyake kumi, na alipofungua saluni akamfundisha kazi.

“Ana mkono mwepesi kuliko mimi,” anasema. “Mimi wateja huniambia nawavuta. Yeye wanamsinzilia.”

Balaa liliingia kwa mlango wa mbele, limevaa tai. Miaka mitatu iliyopita, wakala mmoja wa vipodozi alikuja na katoni ya chupa nyeupe zenye picha ya mwanamke mwenye nywele zinazong’aa kama kioo. Lebo iliandikwa kwa herufi za dhahabu: Protini Asilia. Na chini yake, kwa herufi ndogo za kijani: Haina formalini.

“Aliniambia, ‘Dada, nywele ni protini. Zikikosa protini zinakatika. Sisi tunazirudishia.’ Uongo mtupu ningeukataa. Ule ulikuwa umechanganywa na ukweli, kama maziwa yaliyotiwa maji.”

Kichwa kimoja cha dawa ile kililipa sawa na vichwa tisa vya kusuka. Wateja wakamiminika. Kwa kuwa mdogo mtu ndiye mwenye mkono mwepesi, kazi ile akapewa yeye: kupaka dawa, kukausha, kisha kupitisha pasi ya moto fungu kwa fungu la nywele, moshi mweupe ukimpanda usoni. Vichwa vitano, mara nyingine saba kwa siku.

Madirisha yalifungwa. Wakala ndiye aliyeagiza. Eti mvuke usipotee, kwa maana protini imo humo.

Macho yakaanza kuwasha. Mdogo mtu akawa analia tangu asubuhi mpaka kufunga, kama mwenye msiba. Kikafuata kikohozi. Wakala alipoulizwa, alitabasamu: “Huo ukali ndio dalili kwamba inafanya kazi.” Alipoulizwa tena mwezi uliofuata, akasema huenda msichana ana mzio, abadilishe sabuni.

“Alikuwa akitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa,” anasema Dada Chanuo, “nasi tukajipapasa na kusema, kweli tumelainika.”

Aliyewazindua hakuwa daktari wala mkaguzi. Alikuwa mteja wa misuko, mhudumu wa mochwari, mwanamke mcheshi anayewatania wenzake kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika. Siku moja aliketi kwenye kiti cha pili, akanusa hewa. Akanusa tena.

“Shoga, hapa mnahifadhi nani?”

“Nani tena?”

“Harufu hii naijua. Hii ni ya kazini kwangu. Hii ndiyo tunayowatia marehemu wasioze.”

Dada Chanuo alikasirika. Alichukua chupa, akamwonyesha zile herufi za kijani. Mhudumu hakuitazama hata kidogo.

“Kazini mimi huvaa barakoa yenye vichujio, glavu hadi kwenye kiwiko, na feni inanguruma juu ya kichwa,” alimwambia. “Mdogo wako amevaa nini?”

Alikuwa amevaa fulana.

Hapa Dada Chanuo anaweka fagio chini. Anaenda mlangoni, anaegemea fremu. Anaporudi, anasema jambo ambalo angeweza kulificha, na hakuna ambaye angejua.

“Sikuacha siku ile. Nilikuwa na wateja watatu wamelipa nusu. Nikasema nimalize wiki. Wiki ikawa mbili.”

Siku ya kumi na tano, saa nane mchana, mdogo wake aliweka pasi mezani, akashika kifua na kukaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mteja aliyekuwa kitini alitoka mbio, nusu ya kichwa chake ikiwa haijapigwa pasi, akasimamisha gari barabarani kwa kulikingia njia kwa mwili wake.

Hospitalini daktari aliuliza msichana anafanya kazi gani.

“Msusi,” alijibu Dada Chanuo.

“Anatumia nini?”

“Protini.”

Daktari akaacha kuandika na kuinua kichwa. Aliomba aletewe chupa, akainusa kwa mbali na kuifunga haraka. Alichosema kilikuwa kifupi: ni pumu iliyotokana na kazi. Mirija ya hewa imeshajifunza kuogopa, na huenda haitasahau. Asirudi kwenye chumba chenye dawa ile, hata kwa dakika tano.

Dada Chanuo alirudi saluni, akamwaga chupa kumi kati ya kumi na moja zilizobaki. Moja akaiacha. Hiyo aliifunga kwenye mifuko mitatu na kwenda nayo chuo kikuu, kwa kuwa mhudumu wa mochwari alimwambia huko kuna watu wanaopima.

Mlinzi alimrudisha mara mbili. Mara ya tatu alikaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya geti, akaapa hatoki. Aliyetoka ni mwalimu wa biokemia, mwanamume mwenye kipara kinachong’aa, aliyekuwa anakwenda zake kula.

“Nikajicheka moyoni,” anasema. “Nimekuja kufundishwa nywele na mtu asiye nazo.”

Mwalimu hakula siku hiyo. Alimpandisha maabara, akatia matone ya dawa kwenye kijibomba cha kioo, akaongeza kemikali yake. Maji yakageuka zambarau, kama ganda la bilinganya. Kwa vipimo kamili ilimchukua siku mbili. Jibu liliandikwa kwenye karatasi yenye sahihi: formalini ilikuwamo, karibu asilimia nane.

“Hii si chembe iliyoponyoka kiwandani,” anasema mwalimu huyo. “Hii ndiyo dawa yenyewe. Mengine yote humo ni manukato.”

Lakini Dada Chanuo alitaka kujua zaidi. Alitaka kujua ni vipi kitu kimoja kinalaza nywele za mteja na kuziba kifua cha mdogo wake. Mwalimu akamketisha, akachukua karatasi.

“Protini ni mnyororo wa shanga,” alimwambia. “Shanga zenyewe tunaziita asidi amino. Ziko aina ishirini. Mwili unazitunga moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu, kisha mnyororo unajisokota na kujikunja mpaka upate umbo lake. Umbo ndiyo kazi. Wa kwenye damu unabeba hewa. Wa tumboni unasaga chakula. Ukiuharibia umbo, umeufukuza kazi.”

“Na wa nywele?”

“Wa nywele unajisuka.”

Dada Chanuo alidhani anataniwa. Mwalimu akamchorea: minyororo miwili inasokotana, ikishamaliza inasokotana na mingine, inakuwa kamba, na kamba juu ya kamba, mpaka unywele mmoja. Humo ndani kuna shanga zenye salfa, na za mnyororo huu zinashikana mikono na za mnyororo ule. Mikono hiyo ndiyo inayoshikilia umbo la nywele.

“Miaka ishirini na mitano nasuka,” anasema Dada Chanuo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unakunjuka. “Kumbe kila unywele niliopewa ulikuwa umeshasukwa. Fundi aliyenitangulia hajaacha hata uzi mmoja ukining’inia.”

Formalini, mwalimu alieleza, inaingia katikati ya minyororo na kuifunga pamoja. Nywele zikinyooshwa kwa pasi wakati huo, zinafungwa zikiwa zimenyooka. Ndiyo siri yote ya kung’aa kule. Ile protini iliyosifiwa kwenye lebo, hata kama ingekuwamo, ni kubwa mno kujenga unywele upya kwa kupakwa. Ingebaki juu juu kama rangi ya kucha. “Anayetaka nywele zenye protini,” alisema, “ale mayai na maharage.”

“Sasa kifua?”

“Kifua nacho kimejengwa kwa protini, mama. Jicho, koo, mirija ya hewa, yote. Formalini haijui huu ni unywele na hili ni koo. Inafunga inachokikuta. Tofauti ni kwamba unywele umeshakufa, haudai kitu. Koo liko hai.”

Dada Chanuo alitoka pale na karatasi yenye sahihi, na hasira ambayo hajaimaliza mpaka leo.

Akaenda ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Afisa aliisoma ile karatasi, akasema si ya maabara yao. “Basi pimeni kwenye yenu,” Dada Chanuo alimwambia. Afisa akasema sampuli iliyofunguliwa haipokewi, lazima iwe na lakiri na risiti ya wakala. Wakala hajawahi kutoa risiti tangu azaliwe. Njoo Jumatatu. Njoo mwisho wa mwezi. Mhusika yuko semina. Miezi saba alipigwa danadana, na miezi saba hiyo katoni ziliendelea kushushwa mtaani mchana kweupe.

Wakala mwenyewe alikuja kumtembelea. Hakuomba radhi. Alimwambia anachafua jina la watu, kisha akaongeza kwa upole: “Wenzako mbona hawakohoi?”

“Umewauliza?”

Hakuwa amewauliza. Dada Chanuo akanunua daftari la kurasa arobaini na kwenda kuwauliza yeye.

Alipita saluni kumi na nne za mtaa wake na wa jirani. Alikuta wanawake thelathini na mmoja wanaofanya kazi ile kila siku. Kumi na tisa walikuwa na kikohozi kisichokwisha. Wawili walikuwa wakitoka damu puani na kudhani ni joto la draya. Mmoja, mjamzito wa miezi sita, alikuwa akipiga pasi ameziba pua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

“Wote walidhani ni wao tu,” anasema. “Kila mmoja aliambiwa na wakala kwamba ana mzio. Wanawake kumi na tisa, mzio mmoja!”

Habari zikaenea, na saluni kumi na moja zikasusa. Wakala akaondoa chupa nyeupe. Baada ya wiki tatu alirudi na chupa za buluu. Jina jipya, Maziwa ya Hariri. Picha ni ya mwanamke yuleyule. Mhudumu wa mochwari alifungua kifuniko, akanusa na kukirudisha. “Marehemu ni yuleyule,” alisema. “Wamembadilishia sanda.”

Mdogo mtu sasa ana miaka ishirini na saba. Anashona mawigi nyumbani, kwenye chumba chenye madirisha mawili yasiyofungwa, kipulizia cha pumu kikiwa karibu na mkasi. Manukato ya jirani yakipita kibarazani, anaacha sindano na kusubiri kifua kiamue. Kupanda mlima mdogo wa kwenda sokoni humchukua nusu saa.

“Hajanilaumu hata siku moja,” anasema Dada Chanuo. “Angenilaumu ningepumua.”

Mdogo mtu, akiulizwa, anazungumza kwa vipande, kwa sababu pumzi haimpi sentensi ndefu. “Dada alisoma lebo. Lebo ndiyo ilidanganya. Sasa nimlaumu aliyesoma, nimwache aliyeandika?”

Safari hii wasusi wamejipanga. Kila saluni kati ya zile kumi na nne imeagiza chupa moja ya buluu, na kila moja imekataa kulipa mpaka iandikiwe risiti. Wakala, mwenye tamaa ya oda kubwa, aliandika zote kumi na nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Chupa hazijafunguliwa. Lakiri ziko palepale.

Alhamisi wataipandia ofisi ile wote kwa pamoja. Wanataka mambo matatu: dawa ipimwe na majibu yabandikwe ukutani, lebo ya uongo iwe kosa la kumfikisha mtu mahakamani, na kila anayepiga pasi nywele apewe barakoa kama anayopewa mhudumu wa mochwari. “Anayemhudumia aliye hai,” anasema Dada Chanuo, “asilindwe kidogo kuliko anayehudumia maiti.”

Kuna jambo moja tu ambalo hawajakubaliana, nalo ni la ndani ya familia. Ofisi ya afisa iko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Dada Chanuo anataka mdogo wake abaki chini na wanaolinda mikoba.

“Sibaki,” mdogo mtu anasema bila kuinua macho kwenye wigi lake. “Nitapanda. Nitaingia wa kwanza. Nisimame mbele ya meza yake. Kabla hajaniuliza karatasi. Anisikie ninavyopumua.”

“Ngazi arobaini na nane, mdogo wangu.”

“Nimeshazihesabu.” Anavuta kipulizia mara moja, anashika kifua, anasubiri. “Tutapumzika kila ghorofa. Tutafika.”