Timu Iliyogawanywa Kama Shamba

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa rahisi kulitamka: niweke sahihi au nisiweke? Nikiweka, timu yetu ingecheza mechi ya Jumapili mjini Kisii, na kaka yangu wa katikati asingenisamehe. Nisipoweka, huenda isingecheza popote. Tungepokonywa pointi, na klabu ambayo baba aliianzisha kabla sijazaliwa ingeshuka kutoka ligi ya kulipwa, pengine isipande tena. Kulikuwa na njia ya tatu, kumwambia baba, lakini hiyo ilinitisha kuliko zote mbili.

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo hadi linachakaa. Nikituma ujumbe wa kumpa mtu pole, huuandika, nikaufuta, nikauandika tena, kisha nikajiuliza kama ile nukta ya mwisho haitaonekana ya ukali. Kwa hiyo juma zima nililala nikimwambia baba kichwani, na kila mara, kabla sijafika mwisho wa sentensi, baba alianguka.

Baba alikuwa na kinu cha kusaga mahindi sokoni Ikonge. Timu aliianza na vijana waliokuwa wakichuma chai kwenye mashamba ya jirani. Walipokosa mahali pa kuchezea, aling'oa chai yake mwenyewe, akasawazisha mteremko kwa jembe na kwa mikono ya hao hao vijana, akasimamisha magoli. Watu walimcheka: nani ameona mtu akivuna goli? Lakini timu ilipanda daraja moja baada ya jingine, na waliocheka wakawa wanakuja Jumapili kukaa kwenye nyasi wakiwa na redio na miwa. Jumamosi hatukucheza hata siku moja. Sisi ni Waadventista, na ratiba ikitupangia Sabato baba alikuwa akiandika barua, akipiga simu, akisafiri, hadi ibadilishwe.

Mwaka jana kiharusi kikamshika. Upande wake wa kulia ukalegea, na ulimi ukawa mzito, ingawa akili ilibaki pale pale. Alipopata nafuu kidogo aliwaita binamu zake wawili wawe mashahidi, akatuita sisi watoto watatu, akasema anataka kugawa timu akiwa angali hai.

Kwetu shamba hukatwa kutoka juu barabarani hadi chini mtoni, ukanda mmoja kwa kila mwana, ili kila mmoja awe na mahali pa kupitia na mahali pa kuteka maji. Anayepewa ukanda hupanda miche mpakani. Mche ukishapandwa mbele ya watu, hakuna anayeugusa. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakizikana bila kusemezana kwa sababu ya mkaratusi mmoja uliong'olewa. Baba mwenyewe na mdogo wake hawakuzungumza kwa miaka mingi, kwa kuwa babu alikufa bila kuwakatia. Ndiyo maana aliigawa timu vile vile. Kaka mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, alipewa wachezaji na kocha. Kaka wa katikati, aliyebaki nyumbani na chai na ng'ombe, alipewa uwanja. Mimi, binti, kitinda mimba, ambaye kwa desturi singepata hata hatua moja ya udongo, nilipewa jina la klabu na kiti cha mwenyekiti. Karatasi yoyote ya kwenda ligi ingepita kwangu.

Mmoja wa binamu zake alicheka. "Huyu ni wa kuolewa," alisema. "Siku akienda kwa watu, si ataenda na jina la timu?"

"Jina halibebwi kwenye sanduku," baba akamjibu.

Tukaomba, tukala kuku na ugali wa wimbi, na kila mtu akasema baba ametenda haki. Na kweli alikuwa ametenda haki. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Hakuna aliyependelewa, wala hakuna aliyenyimwa.

Msimu ulianza vizuri kwa sababu hakuna aliyehitaji kumwomba mwenzake kitu. Kisha mvua ikanyesha, wachezaji wakakanyaga majani ya ng'ombe yaliyokuwa yamepandwa kando ya uwanja, na kaka wa katikati akamwambia kocha kwamba siku nyingine, kabla ya kuleta watu, mwenye wachezaji aje kuomba njia. Ndivyo watu wanavyofanya kwenye mashamba. Ukitaka kupitisha ng'ombe kwenye ukanda wa mwenzako unaomba, naye hawezi kukukatalia. Kuomba kwenyewe ndiko heshima. Lakini kaka mkubwa alisema hawezi kuomba ruhusa kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Akahamishia mazoezi kwenye uwanja wa shule moja karibu na Sironga, bila kumwambia mtu. Kaka wa katikati alipopata habari, alikwenda Nyaramba sokoni, akanunua miche ya mikaratusi, akaipanda mstari mmoja kuziba lango la uwanja, mchana kweupe, majirani wakitazama.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Jumapili, nyumbani. Tulihitaji sare tu ili tubaki kwenye ligi. Ofisi ya ligi ilisema anayetaka kuhamisha mechi alete barua yenye sahihi ya mwenyekiti kabla ya Ijumaa jioni.

Kaka mkubwa alinipigia kila siku. Hakuwa akifoka, na hilo ndilo lililonichosha. Alinieleza kwa upole kwamba uwanja wa Kisii una majukwaa, kwamba timu ya kulipwa haiwezi kuchezea kwenye malisho, kwamba mimi niliyesoma nalijua hilo kuliko wote. Akiona nasitasita alibadilisha sauti. Alisema wachezaji wake hawatavuka ile miche hata siku moja, na ikiwa nataka kuona timu ikishushwa, basi nikae na kalamu yangu.

Kaka wa katikati hakunipigia kwa sababu tunaishi boma moja. Alinikuta nikikamua ng'ombe, akaegemea mlango. "Msomi wetu," alisema, "ukiipeleka timu Kisii hairudi. Na ukija kwangu kuniomba maziwa, nitakwambia nenda Kisii."

Alicheka, lakini hakuondoka hadi ndoo ilipojaa.

Nilimweleza mama. Alikuwa akipepeta wimbi, hakuacha. Aliniambia nifanye lolote nitakalo na hao kaka zangu, lakini baba nisimfikishie. Daktari alisema asishtuliwe. "Mkimuua kwa ajili ya mpira," mama alisema, "mtazika na huo mpira."

Nilitembea na maneno hayo Jumatano na Alhamisi. Nilijaribu kuyapima. Je, naogopa kwa sababu ya presha ya baba, au presha ya baba imenipa kisingizio cha kuogopa? Nilimaliza chuo mwaka juzi, nimetuma maombi ya kazi hadi nimeacha kuyahesabu, na watu njiani huniuliza kama nimepata kitu. Uenyekiti huu ndio kitu pekee ninachoweza kutaja. Pengine sitaki kuamua kwa sababu uamuzi wowote utauvunja. Nikalifikiria na hilo pia hadi likachakaa.

Ijumaa, saa kumi jioni, barua ya kaka mkubwa ilikuwa kwenye mfuko wa sweta langu, imeshachapwa, imebaki sahihi tu, kisha niipige picha na kuituma. Nilikuwa na muda hadi jua lizame. Ofisi ya ligi ingefungwa, na kwetu nyumbani Sabato ingeingia. Jua likishazama, baba hazungumzi shughuli za dunia, wala hakuna anayeshika jembe hadi Jumamosi jioni.

Baba alikuwa barazani, kwenye kiti chake kinachotazama bonde. Kutoka pale unaona chai yote hadi mtoni, na katikati yake uwanja, kama kitambaa kilichoanikwa. Nilimpelekea chai ya maziwa, nikakaa kwenye ngazi. Alinyoosha mkono wake mzima kuelekea chini.

"Umeona kaka yako anavyotunza sehemu yake?" alisema polepole. "Ameuwekea uwanja ua wa miti. Mimi sikuwahi kufikiria ua."

Alikuwa akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Ningeweza kusema ndiyo, nimeona, nikaingia ndani, nikaweka sahihi, naye angeendelea kuutazama ule ua wake jioni zote zilizobaki. Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

"Tata," nilisema, ndivyo tunavyomwita, "ule si ua. Ni mpaka. Amefunga lango."

Nilimweleza yote, tangu majani ya ng'ombe hadi barua iliyokuwa mfukoni. Nilisema haraka, nikimtazama mdomoni, nikingoja uende upande. Mama alitokea mlangoni akiwa na ungo, akasimama pale. Tabasamu la baba liliondoka, lakini hakuanguka. Alikunywa chai. Ikamwagika kidogo kwenye shati, nikaipangusa.

"Nilitaka msigombane," alisema.

"Najua."

"Kila mtu nilimpa."

"Ulitupa sote, Tata. Lakini mwenye ukanda wa shamba analima peke yake na anakula. Sisi hakuna anayeweza kucheza peke yake."

Aliweka kikombe chini. Jua lilikuwa limeshagusa mikaratusi ya mlima wa ng'ambo, nami nililichunga kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa isifurike. Kisha akaniuliza ningetaka iwe vipi. Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nilikuwa nimetayarisha namna ya kumwita daktari, namna ya kumwomba mama msamaha, hata wimbo wa mazishi.

Nilianza kwa kusema kwamba kuna njia nyingi. Akatikisa kichwa. Nikasema inategemea. Akatikisa tena.

"Iwe yetu sote watatu bila kukatwa," nilisema. "Asiwe mtu na wachezaji, wala mtu na uwanja. Na aongoze mmoja. Msimu ukiisha, watatu tukae, na wawili wakimkataa, atoke."

"Nani?"

Kaka mkubwa anajua kuongea na watu. Kaka wa katikati anaijua timu tangu ilipokuwa ya wachuma chai. Niliwaona wote wawili, nikaona sababu za kila mmoja, na sababu dhidi ya kila mmoja, na nikaona kwamba nikianza kuzipanga jua litazama.

"Mimi," nilisema.

Nilidhani atasema sawa, kisha atamtuma mtu awaite wanawe, na mimi nikae nyuma yake akizungumza. Nilianza hata kutoa simu ili nimpigie kaka mkubwa aongee naye. Baba aliizuia simu kwa mkono wake mzima.

"Usishuke kama tarishi wangu," alisema. Maneno yalimtoka moja moja. "Ukisema nimekutuma, watangoja nife, halafu warudi pale pale. Shuka na neno lako."

Mama aliweka ungo chini. Sikumtazama usoni. Nilitoa barua mfukoni nikaikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti. Kisha nikamwandikia kaka mkubwa: sitaweka sahihi, mechi ni nyumbani, timu ni moja na ni yetu sisi watatu, na hadi msimu uishe naiongoza mimi, walete wachezaji Jumapili asubuhi, lango litakuwa wazi. Niliutuma bila kuusoma tena. Simu ilianza kulia kabla sijamaliza kushuka ngazi. Niliiacha ilie.

Nilichukua gunia ghalani, nikalilowesha kwenye pipa, nikateremka katikati ya chai. Kaka wa katikati alikuwa uwanjani, ng'ombe wake akila karibu na kibendera cha kona. Aliliona gunia, akaelewa kabla sijasema. Alikuja haraka, akasimama upande wa pili wa mstari wa miche, panga lake la kukatia majani likining'inia mkononi. Juu barabarani wanawake wawili waliokuwa wakirudi na vikapu vya chai walisimama.

"Umetumwa na nani?" aliuliza.

"Sijatumwa."

"Huo ni mpaka. Unajua unachokishika?"

Nilijua. Nilijua pia kwamba wale wanawake wangeifikisha habari hiyo sokoni kabla ya giza. Nilipiga magoti kwenye mstari wa miche. Nilimwambia kwamba sitaitupa miche yake. Nitaifunga mizizi kwa gunia la maji, naye aipande mtoni, kwenye mpaka wa kweli, wa shamba lake, ambako hakuna atakayeigusa. Nilimwambia pia kwamba Jumapili namhitaji hapa langoni kuwapokea wageni, kwa sababu uwanja huu anaujua kuliko mtu yeyote, na kwamba nilikuja kumwomba njia. Nilimwomba kwa heshima, kama anavyoomba mwenye ng'ombe.

Alikuwa anatazama juu, nyuma ya mgongo wangu, kule barazani alikokaa baba.

Sikugeuka kuangalia anachokitazama. Kwenye mlima wa ng'ambo kilikuwa kimebaki kipande chembamba cha jua. Nilizungusha vidole kwenye shina la mche wa kwanza, chini kabisa, pale udongo ulipokuwa bado na unyevu wa mvua, nikauvuta. Ulitoka na mizizi yake yote. Nikaulaza kwenye gunia, nikasogea kwenye wa pili.