Kapu la Mama Halimo Redioni

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu kulikuwa na mambo mawili niliyoyajua kwa hakika: kwamba Mungu yupo, na kwamba baba yangu alimtungia mama wimbo. La kwanza nilifundishwa darasa la kipaimara. La pili sikuhitaji mwalimu, maana nililisikia karibu kila jioni nyumbani kwetu Kibingo. Baba alikaa kwenye kigoda na enanga yake magotini, ule ubao uliochimbwa kama hori na kutiwa nyuzi, na mama alimenya ndizi pembeni huku akijifanya hasikii.

Wimbo ulikuwa wa mwanamume aliyesimama njia panda akimngoja mwanamke. Jua linapanda, jua linashuka, watu wanapita, yeye hayumo. Halafu mwishoni anatokea, anatoka Bweranyange kwa miguu, kichwani ana kapu lililofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani ya kapu mna mbegu za maharage na kitabu cha nyimbo za kanisa. Mama alikuja hivyo hivyo kuolewa. Kapu lenyewe lilikuwa bado linaning'inia juu ya jiko, limekuwa jeusi kwa moshi, na ole wake ambaye angeliteremsha kuwekea viazi.

Watu wote wa karibu walijua kwamba wimbo ni wa mama. Mwalimu wa kwaya alipotaka kuutia maneno ya dini, ili anayengojwa awe Bwana Yesu, alikuja kuomba ruhusa kwa mama, si kwa baba. Mama alimpa ruhusa na mkungu wa ndizi juu yake. Tangu siku hiyo kila kwaya iliposimama kuuimba wimbo ule, sauti nne zikipishana, mama aliimba akiwa amenyoosha shingo, na wanawake wenzake walimtazama kwa husuda nzuri ya kanisani.

Basi siku moja nikatumwa Nkwenda kutafuta chumvi. Nasema kutafuta kwa sababu miaka ile baada ya vita chumvi haikununuliwa tu, ilitafutwa. Nilizunguka sokoni mpaka miguu ikauma, na nilipokuwa napita mbele ya nyumba ya wageni nikasikia wimbo wa mama. Barazani walikaa vijana watatu, wawili na magitaa makavu, yale yasiyo ya umeme, wa tatu akigonga chupa kwa msumari. Walikuwa wameufanya wa dansi, wa haraka, wa kutikisa mabega. Mwanamume wao alingoja stendi ya basi, na mwanamke alikuwa amekwenda zake mjini, asionekane tena.

Damu ilinichemka. Nilikuwa mtoto mwenye hasira za karibu, sikatai, na siku ile nilisahau hata kuwaamkia. Nilijipenyeza mpaka mbele.

"Huo wimbo ni wa baba yangu," nikasema. "Na mmeuharibu. Kapu liko wapi?"

Baraza zima likacheka. Mkubwa wao aliweka kiganja juu ya nyuzi.

"Kapu gani, mdogo wangu?"

Nikamwimbia. Niliimba palepale, na mfuko wangu wa kutilia chumvi mkononi, kutoka Bweranyange mpaka kitabu cha nyimbo. Wakati naanza walikuwa bado wanacheka, wakati namaliza hakuna aliyecheka. Yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kapu ni zuri," alisema. "Lakini umedanganywa. Wimbo ni wa redio." Akamtaja mtungaji wake, bwana mkubwa wa muziki ambaye hata mimi nilimjua kwa jina, maana nchi nzima ilimjua. "Nyimbo zake kila mtu anazipiga kwa namna yake. Sisi tunazo sita. Mfungulie Jumapili saa tisa, utamsikia mwenyewe."

Nilirudi nyumbani kichwa kimevurugika. Njia nzima niliwaza. Labda yule kijana ni mwongo. Labda mwizi ni yule bwana wa redio, alipita huku akamsikia baba. Kulikuwa na labda ya tatu, ila kila nilipoifikia niliongeza mwendo.

Nyumbani tulikuwa na kibarua aliyetusaidia kuchuma kahawa, mtu mzima mwenye asili ya Burundi, mpole, aliyelala kwenye chumba cha stoo. Alikuwa na ikembe, kile kisanduku chenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Nikamuuliza kama anaujua wimbo wa baba. Alianza tu kuupiga, polepole sana, akaimba kwa Kirundi kwa sauti ya chini. Kwake anayengojwa alikuwa mama yake mzazi, aliyebaki ng'ambo ya mto.

"Baba ndiye aliyekufundisha?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuja nao. Kule kambi ya wakimbizi wengi tuliuimba."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Yesu, mwanamke wa mjini, mama wa Burundi na mama yangu, wote wanangojwa ndani ya wimbo mmoja, na aliyefika ni mama yangu peke yake.

Jumapili hiyo niliibeba redio nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaishikilia sikioni. Saa tisa ikafika, na wimbo ukaja. Ulikuwa wenyewe, kila kupanda na kila kushuka kwa sauti. Nilingoja kapu mpaka mwisho. Halikuwamo.

Leo naweza kueleza. Kwetu mpiga enanga akikaa katika nyumba ya mtu haimbi wimbo mtupu, ni lazima auingize humo nyumba ile: ng'ombe wake, shamba lake, mke alikotoka. Akishafanya hivyo wimbo huwa wa nyumba hiyo, na hakuna anayeuliza ulitoka wapi. Lakini siku ile sikuwaza mila. Niliwaza neno moja tu juu ya baba yangu, na lilikuwa neno mwongo. Iliniuma vibaya, kwa sababu nilimpenda kuliko watu wote.

Halafu nikamkumbuka mama na ile shingo yake iliyonyooka, nikaogopa. Wanawake wa kwaya wangemcheka mpaka Pasaka, na kucheka kwao kungekuwa kitu kidogo. Kitu kikubwa ni yeye kuliangalia lile kapu juu ya jiko na kuliona kapu tu.

Basi nikaamua kwamba mama hatausikia. Mawe ya redio, ndivyo tulivyoita betri, yalikuwa ya shida kuliko chumvi, na yakichoka tuliyaanika juani yapate nguvu tena. Kila Jumapili saa nane nikayatoa, nikayapanga kwenye mkeka katikati ya kahawa iliyoanikwa. "Yamechoka," nilisema, na mama aliniamini. Baba aliniona. Jumapili moja kivuli cha mgomba kilipoyafikia, alikwenda mwenyewe akayasogeza juani. Nilimtazama mgongo wake, nisijue kama tunasaidiana au tunadanganyana.

Mambo yaliharibiwa na wema. Yule kibarua aliugua malaria, mama akamuuguza kwa uji na supu mpaka akasimama. Alipopata nguvu alikwenda Nkwenda, akarudi Jumapili mchana na mawe mapya manne yamefungwa kwenye gazeti. Sijui aliyapata wapi. Aliyatia mwenyewe redioni mbele yetu sote, akitabasamu, akaiweka karibu na mama na kuifungua mpaka mwisho.

Ilikuwa saa tisa.

Wimbo ulipoanza mama aliacha kumenya. Baba aliangalia vidole vya miguu yake. Mimi nilimwomba Mungu akate umeme wa Dar es Salaam yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, uso wake sikuweza kuusoma hata kidogo.

"Huyu naye ameimba vizuri," alisema hatimaye. "Ila kapu hana."

Aliokota ndizi nyingine akaanza kuimenya.

"Na mwanamke wake? Mbona sikusikia akifika?"

"Hakufika, mama," alisema kibarua.

"Maskini!" Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kadi zetu za salamu redioni. "Mwandikie pole. Mwambie kwetu tunauimba na kapu. Aongeze kapu, huenda akafika."

Nilikwenda kuandikia stoo, juu ya gunia la kahawa, nisijue nicheke au nilie. Baba akanifuata. Alisimama mlangoni.

"Wimbo ni wake," alisema. "Niliusikia dukani Nkwenda, mwaka ule namposa mama yako. Kapu ndilo langu."

Nilikuwa nimeweka hasira kwa wiki nyingi kwa ajili ya siku hiyo, na nilipoitafuta sikuiona.

"Mama anajua?"

"Miaka yote hii najiuliza hilo hilo," alisema. Kisha akachungulia karatasi. "Umeshaliandika kapu?"

"Ndiyo, baba."

"Lifute. Yule bwana akilipata atalichukua, na kesho watu watasema kapu ni lake."

Nikalifuta. Barua ikaenda Dar es Salaam na pole peke yake.