Sikio la Mzaliwa wa Kwanza

Kosa lilikuwa langu. Mbuzi wangu alipokaribia uzazi wake wa kwanza, nilipaswa kumuuzia jirani Mkristo sehemu ya sikio la mbuzi huyo ili mzao asiwe mtakatifu, kama wafanyavyo Wayahudi wote wenye akili hapa Lithuania. Nikapitiwa. Akazaa dume, na dume wa kwanza ni mtakatifu: hupewa kuhani, wala hachinjwi mpaka apate kilema bila kutiwa na mtu.

Kuhani wetu alikuwa Fishl, fundi vioo, mpole mpaka anakera.

"Tsipe, umeniletea baraka au balaa?"

"Mlishe kwanza, mjukuu wa Haruni. Malalamiko baadaye."

Akamlisha miaka miwili. Beberu yule alinitisha tangu mwanzo. Alikanyaga vigae vya vioo uani kwao asipate hata mkwaruzo. Mbwa walimkwepa. Sikuwahi kumsikia akilia.

Mwaka wa tauni ya ng'ombe, mji mzima haukuwa na nyama. Genendl, mke wa Fishl, alikuwa anaisha kitandani. Tabibu alisema bila supu ya nyama hafiki Pasaka. Fishl angeweza kumkata beberu sikio kwa siri wakati wowote, lakini hakuthubutu. Na hata kilema kikija chenyewe, kuhani haaminiwi, kwani nyama ni yake. Lazima aseme shahidi wa nje.

Asubuhi moja nilikwenda kuteka maji kisimani kwao. Beberu alikuwa kando ya kreti ya vioo. Akanitazama. Kisha, polepole, macho yake kwangu, akaburuta sikio kwenye ncha ya kioo mpaka kipande kikaanguka kwenye theluji. Nikaacha ndoo, nikakimbia.

Fishl alipoona lile sikio akaenda kwa Rabi, mwamuzi wa sheria yetu, naye akatuita.

"Tsipe, wewe ndiye jirani wa karibu. Uliona?"

Mji ulishaniita Tsipe wa Majini kwa hadithi zangu za mashetani. Niseme beberu amejikata kwa makusudi? Niliona aibu, na nilimwogopa yule mnyama.

"Sikuona kitu, Rabi."

Fishl akanigeukia. "Dada Tsipe, mbona ndoo yako iko uani kwangu?"

"Nimesema sikuona!"

Rabi akakataza asichinjwe. Tulimzika Genendl wiki mbili kabla ya Pasaka.

Beberu aliishi miaka tisa zaidi, na Fishl alimlisha kila siku. Hakunitukana hata mara moja. Upepo ulipovunja dirisha langu, alikuja mwenyewe kuweka kioo kipya. Nyuma yake alisimama beberu, sikio nusu, akinitazama. Fishl akakipangusa kioo kwa mkono wa koti, akakataa malipo.

"Haya, dada," akasema. "Sasa utaona vizuri."