Jeneza la Kuigizia

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufa. Jukwaani Dar es Salaam nilikufa kwa sumu, kwa risasi na kwa mapenzi. Nilipohamia kwenye tamthilia za runinga wakanipa vifo vile vile. Nilikuwa na kipaji cha kuzuia pumzi. Huko Suji, milimani, mama yangu alikuwa akizima runinga kabla sijafa, kisha ananipigia simu: "Unajichulia, mwanangu. Acha uchuro."

Sikuacha kwa ajili yake. Niliacha kwa sababu uso ulizeeka, na wenye vipindi wakataka vijana ndio wafe. Nikawa mwongozaji, nikaanza kuua wengine.

Tamthilia moja ilihitaji mazishi ya mlimani, yenye ukungu, migomba na watu waliovaa masweta. Nikapeleka kikosi changu nyumbani. Jeneza tulilinunua kwa fundi mjini Same, tukalipandisha juu ya pikapu wazi wazi, na hapo ndipo ujinga wetu ulipoanza. Njia nzima watu waliweka majembe chini wakavua kofia. Tulipofika Suji, kundi zima lilikuwa nyuma yetu, akina mama wakiulizana kwa sauti ya chini, "Ni nani?" Niliposema hakuna mtu, ni la kuigizia, hawakucheka. Jirani yetu mmoja, mzee, alitema mate pembeni. "Jeneza tupu mnalileta kwenye mji wa watu? Nyie mna akili kweli?"

Bibi tuliyemtoa Same aje alale humo aliliona, akaomba arudishwe kwao. Nikazunguka nyumba kwa nyumba; shikamoo zangu ziliitikiwa, ombi langu likakataliwa. Jua lilikuwa linazama na kikosi kilikuwa kinaondoka kesho yake. Nikakaa mlangoni nimeshika kichwa. Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Nitalala mimi."

"Si wewe uliyekuwa unaniambia najichulia?"

"Limeshaingia kwenye mji huu, litataka mtu," alisema. "Bora mimi kuliko wewe."

Nilifurahi, basi. Mwongozaji aliyepata mwigizaji hasikii kitu kingine.

Tulimpaka poda, akalala. Mara ya kwanza picha iliharibika kwa sababu kifua chake kilipanda. Mara ya pili alizuia pumzi vizuri kuliko nilivyowahi kuzuia mimi, na hiyo ndiyo iliyorushwa.

Miezi michache baadaye aliugua mapafu, akafia hospitalini Same. Nimonia, alisema daktari, na mimi namwamini daktari. Kijiji hakimwamini. Msibani dada yangu mkubwa alisema mbele za watu kwamba nilimtanguliza mama ili nibaki mimi. Nilimchukia siku ile. Bado namchukia kidogo, kwa sababu mama mwenyewe alisema karibu hivyo hivyo.

Baada ya mazishi tulitafuta video yoyote ya mama. Hakuna aliyekuwa nayo ila mimi. Ile iliyorushwa siitazami. Natazama ile iliyoharibika. Mama yumo ndani ya jeneza, amefumba macho, kifua kinapanda taratibu, kinashuka, kinapanda tena. Kisha inasikika sauti yangu, kali, nikimfokea: "Kata! Mama, unapumua!"