Mama mkwe hataki mwanangu alale njia ya Sitalike

Leo nimemfokea mama mkwe ndani ya gari. Msinihukumu kwanza, someni mpaka mwisho.

Tumetoka Mpanda asubuhi, tunamrudisha kwake Majimoto. Mume wangu anaendesha, mimi nimekaa mbele, mama yuko nyuma kampakata binti yangu wa miezi minne.

Tulipopita Sitalike tukaingia porini, mtoto akasinzia.
Mama akamfinya mguu. Mtoto akalia.
Akasinzia tena, akamfinya tena.

Uvumilivu ukanishinda.

"Mama, kwani huyu mtoto amekukosea nini? Si amelala tu?"

Mume wangu akanikata jicho. Mama akaongea huku anaangalia dirishani.

"Miaka ya tisini, tunahamia huku kutoka Usukumani, nilipita hapa juu ya lori, kaka yake huyu mumeo nimembeba mgongoni. Alikuwa na homa. Akanifia hapa hapa porini. Dereva angejua angetushusha, na simba walivyokuwa wengi. Kila aliyeniuliza mbona mtoto kimya, nikamjibu amelala tu. Mpaka Majimoto."

Mume wangu akasimamisha gari. Ndio kwanza anasikia kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Nyie mngesema nini hapo?

Tulipoondoka, binti yangu akaanza tena kusinzia.

Nikanyoosha mkono nyuma, nikamfinya mguu, mimi mwenyewe.