Siku Mama Mkwe Alipomsifu Kamusi

Mwenzangu kwenye gari la wagonjwa tunamwita Kamusi, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Moyo wa mtu ukienda mbio, kwake ni takikadia. Mtu akihema kwa shida, ni dispnia. Alianza kazi hospitalini kama mfagiaji, akasoma ukubwani, akabandika majina ya magonjwa kwenye mlango wa friji mpaka mumewe akawa hachukui maziwa bila kusoma habari za figo. Mimi dereva nimemvumilia miaka sita.

Aliyemshinda ni mmoja tu: mama mkwe. Miaka kumi na minane ya ndoa, bibi yule hajawahi kumwambia hata "pole na kazi." Kwa bibi, chai ya Kamusi ni maji ya kuoshea vikombe, watoto wake wamekonda, na hiyo kazi yake ni upagazi wenye sare. Kamusi hujifanya hajali. Uongo mtupu, inamuuma.

Asubuhi moja tukaitwa: mama mzee kaanguka sebuleni, goti limevimba. Anwani iliposomwa redioni, Kamusi akashusha pumzi.

"Ni kwa mkwe wangu. Twende tu, leo nitatukanwa mbele yako."

Tukamkuta kwenye kochi, jasho linamtiririka, binti yake anampepea kwa gazeti. Kamusi akapiga magoti, akaanza kumfunga goti. Bibi akamshika shavu.

"Karibu, mwanangu," akasema taratibu. "Kijana wangu alipata mke. Una mikono mizuri."

Mimi, mjinga, machozi yakanilengalenga. Binti yake ndiyo kabisa, akaangua kilio.

"Jamani, mama kalainika! Mwache apumzike, wifi, goti litapona."

Kamusi akaachia bandeji. Katika kazi yetu mgonjwa hulinganishwa na kawaida yake mwenyewe, na kawaida ya bibi huyu tuliijua.

"Amekula?"

"Bado. Kachoma sindano yake ya kushusha sukari, chai akasema baadaye."

Kamusi akampima mapigo, akashika redio. "Mgonjwa wa kisukari, jasho jingi, takikadia, hali ya fahamu imebadilika."

"Imebadilika vipi?" hospitali wakauliza. "Anajibu?"

"Anajibu. Amenisifu."

Kamusi akaweka redio, akatoa kipimo cha sukari.

Tone la damu likasoma mbili nukta moja. Sukari ikishuka zaidi ya hapo mtu huzimia, na wengine hawaamki. Kamusi akahakikisha bibi anaweza kumeza, akaanza kumpaka jeli ya glukosi ndani ya shavu, kidogo kidogo.

"Nilichelewa kukwambia, mwanangu," bibi akanong'ona.

"Meza, mama. Meza kwanza."

Zikapita dakika kama kumi na tano. Bibi akakunja uso, akatema mate kwenye kanga.

"Nani kakwambia unitie uchafu huu mdomoni? Na hizo nywele, kitana mmeuza?"

Kamusi akapima tena, akaandika kwenye fomu: fahamu imerudi. Tukampeleka hospitali akilalamikia kila tuta, kana kwamba matuta nimeyajenga mimi.

Tulipomkabidhi kwa manesi, Kamusi akaja kukaa mbele. Sikuwasha gari.

"Yale aliyosema mwanzo," akauliza, "uliyasikia?"

"Neno kwa neno."

"Basi yashike," akasema, akajifuta macho kwa mkono wa sare. "Mwenyewe hatayakumbuka."